Maharagwe ya Kopo Jekundu

Hapajapambazuka, kifuniko cha sufuria kilianza kuzunguka sakafuni. Mwanzoni kililia kwa sauti ndefu na laini, kisha kikaharakisha, kikatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, halafu kikanyamaza. Kimya kidogo. Kisha kikaanza tena.

Bibi aliisikiliza sauti hiyo akiwa bado amejifunika. Ilimwambia kwamba mjukuu wake wa miaka sita ameamka, yu mzima, na hana ugomvi na mtu. Ilimwambia pia kwamba amebakiwa na muda wa kuchemsha maji tu kabla mambo hayajaharibika.

Walikaa vyumba viwili katika safu ya vyumba sita vilivyotazama ua mmoja. Cha ndani walilala baba na mama wa mtoto. Cha mbele walilala Bibi na mjukuu, pamoja na majokofu mabovu ambayo baba, fundi wa majokofu, aliyatoa kibandani kwake kila jioni yasije yakaibwa. Mama alifua mashuka hospitalini, na zamu yake ilianza alfajiri. Chai ilipaswa kuchemka kabla hajatoka, na sufuria ya chai ilikuwa na kifuniko kimoja, hicho hicho.

Walishajaribu kingine. Baba alinunua kipya kinachong'aa; mtoto alikizungusha mara moja, akakisikiliza, kisha akakisukumia chini ya kitanda kama mtu anayemrudishia muuzaji nyanya mbovu.

Basi kila alfajiri ilikuwa vile vile. Maji yalipokaribia kuchemka Bibi aliinama, akakichukua kifuniko, na mtoto akapiga yowe. Halikuwa yowe la kudeka. Lilitoka chini kabisa tumboni, likapanda mpaka kwenye mabati, na likishafika huko mtoto alijiuma kifundo cha mkono au alijigonga kichwa ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo alikaa mlinzi wa usiku, ambaye saa hiyo ndiyo kwanza ametoka kazini. Alikuwa akigonga kwa kisigino cha kiatu, mara tatu, bila neno. Mapigo hayo matatu yalimuumiza Bibi kuliko matusi.

Pale uani watu walimwita mtoto Bubu. Bibi alimwita Mke Mwenzangu.

"Mke mwenzangu hana maneno mengi," aliwaambia wanawake bombani, "ndiyo maana hatujawahi kugombana." Wanawake walicheka, na kwa kuwa walimcheka Bibi, hawakupata nafasi ya kumcheka mtoto.

Juu ya kabati kulikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na fomu ambayo baba alipewa na mteja wake mmoja, ya nyumba ya kulelea watoto wa aina hii, safari ya siku nzima kwa basi. Wazazi waliruhusiwa kwenda kumwona mtoto mara moja kila miezi mitatu, ili azoee. Fomu ilitakiwa kurudishwa kabla mwezi haujaisha. Bibi alipomuuliza mwanawe kama anataka kumtupa mtoto, alijibu akiwa ameinamia kikombe.

"Simtupi, Mama. Wewe una miaka sabini na mbili. Mimi na mama yake tukiondoka, nani atajua kwamba anataka maji?"

Bibi aliinua sufuria ya chai. Akamwongezea chai.

*

Mwalimu aliletwa na aibu ya mama. Siku moja, pale hospitalini, mama alikabidhi mashuka safi katika kliniki ya watoto, na muuguzi akauona mkono wake uliojaa alama za meno ya mtoto. Akamuuliza kama ana mbwa. Mama alitaka kusema ndiyo. Badala yake akaketi juu ya furushi la mashuka na kueleza yote: kwamba mtoto alishapimwa akaonekana ana usonji tangu ana miaka minne, kwamba waliambiwa hivyo wakarudishwa nyumbani, na kwamba hawakuambiwa wafanye nini. Muuguzi alifunga mlango ili wengine wasimwone akilia, kisha akaandika jina la mama kwenye orodha ya watu wa kutembelewa nyumbani na mwalimu wa watoto kama hao. Mara kumi na mbili, bila malipo.

Aliyekuja alikuwa msichana mwembamba mwenye mfuko wa kitambaa begani. Alivua viatu mlangoni, akamwamkia Bibi kwa kupiga goti, akaketi sakafuni, na kwa muda wa saa nzima hakufanya lolote. Bibi alimwona mvivu. Mwalimu alikitazama kifuniko kikizunguka, akaandika. Alimtazama Bibi akikichukua, akaandika. Lilipokuja yowe, aliweka mto kati ya kichwa cha mtoto na ukuta, akaandika tena. Baadaye kifuniko kilipotulia, alikizungusha yeye. Mtoto aliutazama mkono wake. Hakuutazama uso, lakini mkono aliutazama sana.

"Nimesikia mnawafundisha watoto kwa biskuti, kama mbwa," Bibi alimwambia alipokuwa akimpa maji ya kunywa.

Mwalimu hakukasirika. Alisema kweli wapo waliofanya kazi hii vibaya, waliowalazimisha watoto kukaa kimya na kukazia watu macho mpaka wakalia, na kwamba yeye hataki kuwa miongoni mwao. Hatamnyang'anya mtoto kifuniko chake wala kumkataza kupunga vidole anapofurahi. Kazi hiyo inaitwa uchambuzi wa tabia, na mwanzo wake ni kuuliza maswali matatu: kabla ya yowe kulitokea nini, mtoto alifanya nini, na baada yake alipata nini.

"Sitafuti mtoto mtulivu, Bibi. Yowe lake linasema kitu. Nataka nimpe njia nyepesi zaidi ya kukisema."

"Linasema anataka kifuniko. Hilo hata mlinzi wa jirani analijua."

"Basi tumeshamaliza nusu ya kazi," Mwalimu alisema, na Bibi alicheka bila kupenda.

Alikuja na picha ndogo zilizobandikwa kwenye vipande vya boksi: kifuniko, kikombe cha maji, mlango wa choo, ua. Nyingine ilikuwa na kiganja kilichonyooshwa; hiyo ilikuwa ya kusubiri. Mama alikaa nyuma ya mtoto, Mwalimu mbele akiwa na kifuniko. Mtoto alipounyoosha mkono kukinyakua, mama aliuongoza polepole mpaka kwenye picha, akamsaidia kuiokota na kuiweka kiganjani mwa Mwalimu. Papo hapo kifuniko kilikuwa chake. Wakarudia. Wakarudia mpaka miguu ya mama ikafa ganzi. Jioni ile, katika mara ambayo hakuna aliyekuwa akihesabu tena, mkono wa mtoto ulikwenda wenyewe.

Mama aliuma upindo wa kanga yake ili asimshtue mtoto kwa kilio.

Ukutani Mwalimu alibandika mstari wa picha za siku nzima: kandambili za mama anapotoka, sahani, ua, kandambili za mama anaporudi. Siku zake za kuja alibandika uso wake mwenyewe. Kisha akatoa makopo mawili. Herufi za Bibi zilikuwa chache na zilitembea polepole, kwa hiyo hawakuandikiana. Kila yowe, punje moja ya haragwe katika kopo jekundu. Kila ombi la picha, punje katika kopo la buluu. Akasisitiza jambo moja. Picha ipate kifuniko mara moja. Yowe lisikipate. Mtoto asigombezwe wala kupigwa. Alindwe kichwa na mkono wake uongozwe kwenye picha. Na Bibi anapokihitaji kifuniko kwa chai, amwonyeshe kiganja cha kusubiri, ahesabu mpaka tano, kisha amrudishie.

"Si tufunike chai kwa sahani tu?" mama aliuliza.

"Mnaweza. Lakini huko nje kuna mambo mengi yasiyo na sahani."

*

Alfajiri ya kwanza ambayo Bibi alibaki peke yake na kazi hiyo, yowe lilikuja kama mvua ya mawe. Mama alishatoka uani kuoga. Baba alikuwa ndani akivuta shuka kichwani. Bibi alitafuta picha, ikamwanguka, ikaingia chini ya jokofu. Ukuta ukagongwa mara tatu. Akampa mtoto kifuniko.

Kimya kikarudi. Bibi alisimama na punje ya haragwe mkononi, akilitazama kopo jekundu.

Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa amemwona mwanawe akilinyanyua kopo lile. Hakulitazama kwanza, alilitikisa sikioni, kama anavyosikiliza injini ya jokofu, kisha akatazama juu ya kabati palipokuwa na bahasha. Bibi alikumbuka jinsi shingo yake ilivyogeuka. Akaona kwamba kila punje atakayotia humo ni hatua moja ya mjukuu wake kuelekea kituo cha basi. Akairudisha punje katika mfuko wa maharagwe ya kupika.

Hakujiona anadanganya. Alijiona anamsitiri mtoto, kama alivyowahi kuwasitiri wengi: mume aliyerudi amelewa, mwana aliyeshindwa mtihani, mkwe aliyeunguza nguo ya watu kwa pasi. Kusitiri ndiyo kazi aliyoijua vizuri kuliko zote. Kesho yake akatoa kifuniko yowe lilipoanza tu, kabla halijafika chumba cha ndani, akarudisha punje tatu. Siku iliyofuata akarudisha nne, na akapika maharagwe.

Katika wiki ya pili kopo jekundu lilikuwa halisikiki likitikiswa. Baba alianza kupiga mluzi asubuhi. Alimwambia mkewe kwamba anaona dawa inaingia, na jioni moja alikaa sakafuni karibu na mtoto, mbali kidogo, kama mtu anayeota moto wa mwenzake. Mwalimu naye aliyahesabu maharagwe, akafurahi, akabadilisha mipango. Ikiwa mayowe yamepungua hivyo, alisema, mtoto anaweza kufundishwa kusubiri mpaka ishirini. Akaenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu mkuu wa shule ya chekechea iliyokuwa mtaa wa pili, akarudi na habari kwamba yuko tayari kumwona mtoto siku ya Jumanne.

"Wakimpokea hapo," baba alisema, "hiyo fomu nitaichana."

Bibi alisikia neno hilo akiwa anachambua mchele. Akaona amefanya vyema.

*

Shuleni waliketi kwenye benchi la ukumbini pamoja na wazazi wengine. Baba alivaa shati lake la kola. Mama aliomba ruhusa kazini na hakulala akisuka nywele za mtoto kichwani mwake, kwa mawazo tu, maana mtoto mwenyewe hakukubali kitana. Mtoto alikuwa na kifuniko kifuani, na kwa dakika kumi kila kitu kilikwenda vizuri.

Kisha mlango ukafunguliwa na mwalimu mkuu, mama mnene mwenye miwani, akawaita kwa upole. Akasema kwamba ndani kuna watoto wamelala, basi kifuniko kisubiri kidogo hapo nje. Mwalimu wa nyumbani alichuchumaa, akaonyesha kiganja cha kusubiri, akakichukua kifuniko, akaanza kuhesabu kuelekea ishirini, kama makopo yalivyomwambia kwamba inawezekana. Alifika saba.

Yowe lilijaza ukumbi. Mtoto alijirusha nyuma, kichwa chake kikapiga ukingo wa dirisha, akajigonga tena kabla mkono wa mtu haujamfikia. Damu ilishuka kwenye nyusi. Wazazi wa benchi wakawavuta watoto wao magotini. Mwanamke mmoja mwenye mkoba mzuri alimwambia mwenzake, si kwa sauti kubwa lakini si kwa sauti ndogo, kwamba wengine ni wa kufungiwa ndani, kwa usalama wao wenyewe. Mwalimu mkuu alisema wamrudishe akiwa tayari. Hakusema lini.

Mfagiaji wa shule peke yake ndiye aliyesogea. Aliliegesha fagio, akakiokota kifuniko kilichokuwa kimebingirika hadi mlangoni, akakifuta kwa upande safi wa kitambaa chake, akampa mtoto. Kisha akamletea mama kitambaa kingine kilicholoweshwa maji baridi, akarudi kwenye fagio lake. 

Baba alimbeba mtoto mpaka nyumbani, damu ikikauka kwenye kola. Alipofika aliishusha bahasha, akaketi juu ya jokofu lililolazwa, akaijaza fomu kwa mwandiko wa fundi, herufi kubwa kubwa. Penye nafasi ya sahihi ya mama, mama alikataa kwa kuondoka chumbani. Baba akatia ya kwake. Ijumaa ataipeleka posta.

*

Siku ya pili Mwalimu alikuja kuomba radhi. Alikaa sakafuni pale pale, mfuko wake magotini, akasema kwamba haelewi amekosea wapi, kwamba hesabu ilionyesha mtoto yuko tayari, na kwamba pengine yeye bado ni mchanga kwa kazi hii. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtoto, akiwa na plasta juu ya nyusi, alizungusha kifuniko karibu na goti lake.

Bibi alimtazama binti wa watu akijilaumu kwa kosa lisilo lake. Aliweza kusitiri mambo mengi, lakini hilo lilimshinda. Akainuka, akaenda penye mfuko wa maharagwe, akachota kwa mikono miwili, akayamwaga sakafuni mbele yake.

"Haya ndiyo ya kopo jekundu," alisema. "Mengine tulishayala."

Akaeleza kila kitu: picha iliyoingia chini ya jokofu, ukuta uliogongwa, kopo lililotikiswa sikioni. Akasema kila alfajiri mtoto alipopiga yowe yeye alimpa kifuniko, na kila alipompa aliificha punje. Baba alikuwa mlangoni, ameshika bisibisi. Alisikia yote.

"Mama," alisema taratibu, "ulinifanya nipige mluzi."

Neno hilo lilimwingia Bibi kuliko kama angemtukana. Mwalimu aliyaokota maharagwe moja moja, akayarundika.

"Kosa si lako peke yako, Bibi. Nilisoma makopo nikaacha kusoma nyumba. Sikuwahi kuja alfajiri hata mara moja, na yowe ni la alfajiri." Akaonyesha rundo lile. "Hakuna mtoto mbaya hapa, wala asiyefundishika. Kwa mama yake amejifunza kwamba picha inaleta kifuniko. Kwako amejifunza kwamba yowe linakileta haraka zaidi. Amejifunza vyote viwili barabara. Ana akili sana."

Bibi alimtazama mjukuu wake kama anayeambiwa habari za mtu mashuhuri.

"Kwa hiyo mimi pia nimemfundisha."

"Umemfundisha. Na tutakufundisha wewe, kama utakubali."

Baba alisema kwamba Ijumaa ni kesho kutwa. Mwalimu hakumbembeleza. Aliuliza tu siku ya mwisho ya fomu ni lini. Akaambiwa siku kumi na moja. Akaziomba hizo kumi na moja, na akaomba kopo jekundu liachwe lijae hata kama litamwagika, kwa sababu kopo tupu la uongo limeshampasua mtoto uso. Baba aliirudisha bahasha juu ya kabati. Hakuahidi lolote.

Kabla hajaondoka, Mwalimu alipita mlango wa pili kumwambia mlinzi kwamba kelele zitazidi kwanza. Mlinzi alikuwa akifua soksi zake. Alifikiri kidogo.

"Kelele za kazi sizigombi," alisema. "Nilidhani mnampiga."

Miaka miwili alikuwa akigonga ukuta kumtetea mtoto, na hakuna aliyejua.

*

Mwalimu alikuja kungali giza, kanga ya mama yake mabegani kwa baridi. Safari hii hakumfundisha mtoto. Alikaa nyuma ya Bibi. Maji yalipoanza kuimba, Bibi alichuchumaa kwa shida ya magoti, akaonyesha kiganja, akakichukua kifuniko, akahesabu mpaka mbili tu. Walikuwa wameshuka kutoka ishirini mpaka mbili. Mtoto alipiga yowe hata hivyo.

Lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Mtu aliyezoea kufunguliwa mlango kwa kugonga mara moja, siku usipofunguka, hugonga kwa ngumi na mateke. Mwalimu alishika mto ukutani. Machozi yalimwingia Bibi mdomoni, na mkono wake ulikwenda kwenye kifuniko.

"Mkono wake kwanza," Mwalimu alimnong'oneza. "Sio kifuniko. Mkono wake."

Bibi aliushika mkono mdogo uliolowa mate, akauongoza mpaka kwenye picha. Vidole vikaishika, vikaiachia kwenye kiganja chake kilichokunjamana. Akampa kifuniko upesi, akamwambia asante mke mwenzangu, asante. Ukuta haukugongwa. Kopo jekundu lilipata punje yake, na la buluu lilipata yake.

Siku ile mpaka jioni jekundu lilikuwa na thelathini na moja. Baba alilinyanyua, hakulitikisa, akalitazama, akaliweka chini. Siku ya pili ilikuwa ishirini na sita. Ya tatu ikapanda tena ishirini na tisa, na Bibi alikesha kwa hofu, lakini hakugusa punje. Ya nne, kumi na nane. Ya sita, kumi na moja, na mtoto alisubiri mpaka tano akiwa amekishika kidole cha Bibi. Chai ilikuwa ikichelewa na mama alikunywa maji ya moto yasiyo na rangi, akasema ni matamu.

Siku ya tisa Bibi hakuinuka. Magoti yalikuwa yamevimba kwa kuchuchumaa kwenye saruji. Mama alikuwa ameshawahi zamu. Baba ndiye aliyeinuka kuchemsha chai, akiwa na usingizi na fulana iliyotoboka. Hakuna aliyemweleza cha kufanya. Bibi alikuwa macho, ila alifumba macho na kujifanya amelala. Alisikia maji yakianza kuimba. Alisikia kifuniko kikinyamaza, maana yake mwanawe amekichukua. Hakusikia hesabu. Amesahau, alijiambia, na akajikaza kulisubiri yowe.

Halikuja. Zilikuja nyayo ndogo, zikaenda ukutani, zikarudi. Bibi alifumbua jicho moja. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya baba yake akimnyooshea kipande cha boksi. Baba alikitazama kana kwamba ni barua kutoka serikalini. Kwa miaka sita alikuwa amempa mwanawe chakula, dawa, nguo, na mgongo wa kubebwa; hakuwa amewahi kuombwa naye kitu. Picha ilitua kiganjani mwake. Mtoto alisubiri.

Baba alimpa kifuniko kwa haraka hata kikagonga meza. Kikaanza kuzunguka. Chai ikaanza kumwagika kwa povu, na baba akageuka huku na huko akitafuta cha kuifunikia. Hakukumbuka sahani. Alinyoosha mkono juu ya kabati, akashusha bahasha ya kaki, akailaza juu ya sufuria kama ilivyo, na fomu ndani yake. Alisimama hapo akiishikilia kwa vidole viwili, huku mvuke ukiilainisha na kuikunja pembe, na macho yake yakiwa sakafuni, kwenye kifuniko.

Bibi alifumba jicho lake. Alikuwa amejifunza kwamba kuna mambo ya kutia kwenye kopo na mambo ya kuacha.

*

Shule ilimpokea kwa saa moja kwa siku, kwa majaribio. Mwalimu mkuu alikubali kifuniko kiingie naye darasani kikiwa juu ya kipande cha zulia, kisiwaamshe wenzake. Zulia hilo lilikatwa na mfagiaji. Mtoto hakuanza kusema, na Mwalimu hakuwahi kuwaahidi kwamba atasema. Kopo jekundu halikuwa tupu; siku nyingine lilikuwa na mbili, siku nyingine sita, kama akiwa na mafua au mvua ikipiga mabati. Lakini aliomba maji alipotaka maji. Wanawake bombani, wakiona anatoa picha, walianza kumwita Mwanasheria, kwa kuwa haendi popote bila karatasi zake.

Ziara ya kumi na mbili ilifika. Siku za alfajiri Mwalimu hakuzihesabu. Alisema zile zilikuwa zake mwenyewe. Mama alimpa shuka lenye pindo alilolishona kwa mkono, baba alimtengenezea pasi ya kwao iliyokuwa imekufa, na Bibi alimfungia maharagwe, akamwapia kwamba hayajahesabiwa. Mwalimu aliwaeleza kwamba sasa kazi ni yao, kwamba wanaiweza, na kwamba ana nyumba nyingine inayomngoja. Kisha, kwa utaratibu, alimchukua mtoto mpaka ukutani kumwonyesha kwamba uso wake hautakuwepo kwenye mstari wa kesho. Aliubandua, akauweka ndani ya boksi la picha pamoja na zingine.

Alikuwa anafunga viatu mlangoni alipohisi kitu begani. Mtoto alikuwa nyuma yake. Alikuwa amelichakura boksi lote, picha zimetapakaa sakafuni mpaka chini ya majokofu, na mkononi ameshika moja. Alikifungua kiganja cha Mwalimu kwa vidole vyake, akauweka uso ule ndani yake, kama anavyoomba kifuniko. Kisha akasimama, akingoja apewe.

Mwalimu alimtazama Bibi.  Aliingiza mkono mfukoni, akatoa picha ya kiganja kilichonyooshwa, ya kusubiri, akampa mtoto. Mtoto aliitazama muda mrefu. Halafu akaenda nayo, akaketi karibu na kifuniko bila kukizungusha, akiutazama mlango.

"Usimsubirishe sana, Mwalimu," Bibi alisema. "Huyu mpaka ishirini hajafika. Njoo tena."